Evelyn Waugh: Mcheshi Mkali Aliyekimbilia kwa Mungu

Kijana mwenzangu, leo sikuletei mtakatifu. Nakuletea mtu mwenye ulimi wa kuchoma, ambaye hata marafiki zake walimwogopa.

Evelyn Waugh alizaliwa London tarehe 28 Oktoba 1903. Usishangazwe na jina, alikuwa mwanamume. Baba yake alikuwa mchapishaji wa vitabu, na familia ilikuwa ya Kianglikana. Lakini Evelyn akiwa bado shuleni, imani ilimtoka. Chuoni Oxford alikunywa pombe kuliko alivyosoma, akatoka bila shahada. Akapata kazi ya ualimu huko Wales, na hakuipenda hata kidogo. Mwaka 1925, kwa kukata tamaa, aliingia baharini usiku ili asirudi tena. Kumbe yavuyavu wakamchoma, akageuka, akaogelea hadi ufukweni. (Rafiki, wazo kama hilo likikujia, usikae nalo peke yako. Mwambie mtu leo hii.)

Maisha yale ya shuleni aliyoyachukia ndiyo yakampa riwaya yake ya kwanza, Decline and Fall, mwaka 1928. Watu wakacheka, jina likapanda. Mwaka huohuo akaoa. Haukupita muda mrefu, mke akamwacha kwa ajili ya mwanamume mwingine. Mwaka 1930 ikatoka Vile Bodies, inayowacheka vijana wa London wanaokimbia kutoka sherehe moja hadi nyingine huku ndani ni watupu.

Sasa alikuwa na sifa, pesa na mialiko, lakini aliona maisha bila Mungu hayana maana. Akafundishwa na Padre Martin D'Arcy, Mjesuiti, na tarehe 29 Septemba 1930 akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Alikuwa na miaka 26. Tena, aliamini kwamba kwa hatua hiyo hataweza kuoa tena maisha yake yote. Akaingia hivyohivyo!

Muda mfupi baadaye akasafiri Ethiopia kuandika habari za kutawazwa kwa Haile Selassie, kisha akafika Zanzibar na Kenya. Mwaka 1936 Kanisa likatamka kwamba ndoa yake ya kwanza haikuwa halali tangu mwanzo, na mwaka 1937 akamwoa Laura Herbert. Walipata watoto 7, mmoja akafariki akiwa mchanga. Aliandika pia maisha ya shahidi Edmund Campion, na mwaka 1945 Brideshead Revisited, riwaya ya neema inayowafuata hata wanaoikimbia.

Je, aligeuka malaika? Wapi! Alibaki na hasira na majivuno, na baadhi ya aliyoandika kuhusu Waafrika yana dharau tusiyoweza kuitetea. Alipoulizwa inakuwaje Mkatoliki awe mkorofi hivyo, alijibu kwamba bila imani angekuwa mbaya zaidi.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 1966, alisali Misa ya Kilatini pamoja na familia yake, akarudi nyumbani Combe Florey, akafariki siku hiyohiyo akiwa na miaka 62.

Kijana, unasubiri uwe mwema kwanza ndipo uende kuungama? Waugh hakusubiri. Alikwenda na ukali wake wote, akarudi tena na tena mpaka siku ya mwisho. Nenda wewe pia, Jumamosi hii.

Mungu akubariki.