Archimedes: Mtu aliyetaka tufe na mcheduara juu ya kaburi lake

Tafuta mpira na kopo linaloulingana: mpira uingie bila kuacha nafasi pembeni, na kimo cha kopo kiwe sawa na cha mpira. Jaza kopo maji hadi ukingoni, uzamishe mpira, kisha uutoe. Maji yaliyobaki yatakuwa kama theluthi moja ya kopo. Theluthi mbili zimemwagika, na huo ndio ujazo wa mpira.

Aliyethibitisha jambo hilo ni Archimedes, Mgiriki aliyezaliwa mnamo mwaka 287 kabla ya Kristo mjini Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, ambacho leo ni sehemu ya Italia. Baba yake, Phidias, alichunguza nyota.

Duara lililochorwa mchangani ni umbo bapa: halina kimo. Kopo, ambalo kihesabu huitwa mcheduara, lina kimo na hubeba kitu ndani. Kabla ya Archimedes, wataalamu walikwishajua kuwa pia, umbo lenye ncha kama paa la msonge, huchukua theluthi moja ya mcheduara wenye kitako na kimo kama chake. Tufe, yaani umbo la mpira, liliwashinda, kwa kuwa halina upande ulionyooka wa kuanzia kupima.

Archimedes alilikata tufe kwa fikra vipande vyembamba, kama mtu anayekata kitunguu, akavilinganisha na vipande vya pia na vya mcheduara kana kwamba viko kwenye mizani. Baadaye akaandika uthibitisho kamili. Ikiwa pia, tufe na mcheduara vina upana na kimo kimoja, ujazo wao hufuatana kama 1, 2, 3.

Watu wa mji wake walimsifu zaidi kwa mitambo yake ya vita, iliyowarushia mawe askari wa Roma walipouzingira mji. Mwaka 212 kabla ya Kristo mji ulitekwa, na askari mmoja akamuua mzee huyo. Inasimuliwa kwamba alikuwa amewaomba jamaa zake waweke juu ya kaburi lake tufe ndani ya mcheduara. Hakuomba mtambo hata mmoja.

Mwaka 75 kabla ya Kristo, Cicero, ofisa wa Kirumi, aliliulizia kaburi hilo. Wenyeji wakakana kuwa lipo. Akatafuta mwenyewe makaburini, akaona tufe na mcheduara vimechomoza juu ya vichaka vya miiba. Watu wakaletwa na mundu, wakafyeka njia.

Leo mahali penyewe hapajulikani tena. Lakini kila mwanafunzi anayetafuta ujazo wa tufe bado anatumia zile theluthi mbili.