Mtakatifu Gregori Mkuu: Kiongozi Aliyekikimbia Cheo

Kila tarehe 3 Septemba Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Gregori Mkuu, Papa na Mwalimu wa Kanisa. Wengi wamelisikia jina lake kutokana na nyimbo za Kigregori, ingawa wataalamu wanaendelea kujadiliana kuhusu sehemu yake katika nyimbo hizo. Urithi wake mkubwa zaidi uko kwingine: alibadilisha namna Wakristo wanavyoelewa maana ya kuwa juu ya wenzao.

Gregori alizaliwa Roma kunako mwaka 540, mtoto wa Gordiano na Silvia, katika ukoo wa maseneta wenye mashamba hadi Sisilia. Kwa watu wa tabaka hilo uongozi ulikuwa fahari ya nyumba. Kijana wa jamaa bora alipanda ngazi za vyeo moja baada ya nyingine. Umma uligawiwa nafaka, ukatazama michezo, ukamshangilia mfadhili wake. Gregori naye alipanda, na kunako mwaka 573 alikuwa mkuu wa mji wa Roma. Ila mji wenyewe ulikuwa umebaki magofu. Vita vya muda mrefu kati ya Wagothi na majeshi ya Kaizari vilikuwa vimeunyang'anya watu na mali, na sasa Walombardi walikuwa wakishuka kutoka kaskazini. Haukupita muda mrefu akaacha cheo, akaigeuza nyumba ya wazazi wake katika kilima cha Celio kuwa monasteri ya Mtakatifu Andrea, akaanzisha nyingine sita Sisilia, akawa mmonaki. Maisha yake yote aliililia miaka hiyo ya kimya.

Papa Pelagio II alimtoa huko. Alimpa daraja ya ushemasi na kumtuma Konstantinopoli awe mwakilishi wake mbele ya Kaizari. Mwishoni mwa mwaka 589, Gregori akiwa amekwisha kurejea, mto Tiberi ulifurika na kuharibu maghala ya nafaka ya Kanisa. Tauni ikafuata, na Februari 590 ikamwua Pelagio mwenyewe. Watu wakamchagua Gregori. Alimwandikia Kaizari Maurisi akimsihi asiuthibitishe uchaguzi huo. Yasimuliwa kwamba mkuu wa mji aliizuia barua hiyo njiani. Aliwekwa wakfu tarehe 3 Septemba 590.

Askofu mwenzake aitwaye Yohane alimlaumu kwa kuukwepa mzigo. Gregori akamjibu kwa kitabu kizima, Kanuni ya Kichungaji. Humo anafundisha kwamba kwa maumbile wanadamu wote ni sawa, na anayefurahia kuwatawala wenzake badala ya kuwafaa amekwisha kuanguka. Sehemu iliyo ndefu kuliko zote ni ya kushangaza kwa uvumilivu wake: inapitia jozi zaidi ya thelathini za watu, matajiri na maskini, wapole na wenye hasira, wanyamavu na wasemaji, ikieleza jinsi kila mmoja apaswavyo kuonywa kwa namna yake. Mkuu wa mji wa zamani aliuona umma. Mchungaji wa Gregori alipaswa kumwona mtu. Karne tatu baadaye mfalme Alfred wa Uingereza alikitafsiri kitabu hicho katika lugha ya watu wake.

Barua zake zaidi ya 800 zilizosalia zaonesha kwamba hakuishia katika maandishi. Msimamizi wa mashamba ya Kanisa huko Sisilia aliagizwa azivunje mizani za hila zilizowapunja wakulima, na ada ya ndoa zao isizidi sarafu moja ya dhahabu. Katika kasri la Laterano liliwekwa daftari la maskini waliopokea msaada. Walombardi walipouzingira mji, yeye ndiye aliyejadiliana nao na kulipa, kwa kuwa askari wa Kaizari waliobaki hawakutosha. Patriarki wa Konstantinopoli alipotumia cheo cha Patriarki wa ulimwengu, Gregori alipinga, tena akakataa yeye mwenyewe kuitwa Papa wa ulimwengu. Alijiita Mtumishi wa watumishi wa Mungu, jina ambalo mapapa wanalo hadi leo.

Lipo doa pia. Mwaka 602 Foka alimpindua na kumwua Maurisi pamoja na wanawe, na Gregori akamwandikia mtawala huyo mpya barua ya sifa ambayo ni vigumu kuitetea.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kitandani, akiumwa jongo, akiendelea kuamuru barua ziandikwe. Alifariki tarehe 12 Machi 604. Mrithi wake, Sabiniano, alikuta njaa mjini. Kumbukumbu za kale za mapapa zaeleza kwamba aliyafungua maghala ya Kanisa, lakini nafaka akaiuza. Alipofariki mwaka 606, jeneza lake halikupitishwa katikati ya mji. Lilizungushwa nje ya kuta hadi makaburini.