Kanali Philip Hench na Dawa Ikatayo Kuwili

Ndugu wasomaji wetu wa jeshi na polisi, leo twawaletea maisha ya mtu aliyevaa sare kama ninyi, ambaye kazi yake imeingia katika nyumba nyingi, za Gihosha zikiwamo, pasipo jina lake kujulikana.

Philip Hench alizaliwa tarehe 28 Februari 1896 mjini Pittsburgh, Marekani. Mwaka 1917 alijiandikisha katika kikosi cha matabibu cha jeshi, kisha akamaliza masomo ya udaktari mwaka 1920. Katika Vita Kuu ya Pili alirudi jeshini, akatibu askari wenye baridi yabisi, akatoka mwaka 1946 akiwa Kanali.

Tangu mwaka 1929, katika hospitali ya Mayo, aliona ajabu: wagonjwa wa baridi yabisi walipopatwa na maradhi ya ini, au wanawake waliposhika mimba, maumivu yalipungua. Akaamini kwamba mwili wenyewe una dawa. Mwenzake Edward Kendall aliipata katika tezi zilizo juu ya mafigo. Tarehe 21 Septemba 1948 walimdunga mwanamke aliyekuwa hajiwezi. Baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 walitunukiwa Nishani ya Nobel pamoja na Tadeus Reichstein. Baadaye hata majimaji ya mkonge wa Afrika Mashariki yalitumiwa kutengeneza dawa za jamii hiyo.

Lakini upanga huo hukata kuwili. Hench hakuficha kwamba dawa hiyo haing'oi ugonjwa na kwamba ina madhara. Mwaka 1960, kabla hajafariki tarehe 30 Machi 1965, waganga wa Marekani walitangaza kuwa wagonjwa walioitumia muda mrefu walipata mtoto wa jicho, yaani ukungu katika sehemu ya nyuma ya lenzi.

Nao watoto hawakusalimika. Mtoto mwenye ugonjwa wa figo au pumu kali, anywaye predinisoloni miezi mingi, aweza kupofuka polepole bila kulalamika, maana hudhani wote huona kama yeye.

Basi, mzazi askari, mlinde mwanao kama ulindavyo lindo. Akikwepa mwanga wa jua, akisogeza daftari puani, au mboni ikiwa nyeupe, mpeleke kwa mganga wa macho. Na hata asipoonyesha dalili, omba apimwe mara kwa mara. Usikatishe dawa ghafula kwa hofu, kwani tezi za mwili zimelala na mtoto aweza kufa. Mganga ndiye aipunguzaye. Mtoto wa jicho hupasuliwa, lakini ukichelewa, ubongo wa mtoto mdogo hukosa kujifunza kuona, na hasara hiyo haifidiki.