NTSIKANA, MTU ALIYEKUWA KENGELE

Na Kapita wa wanafunzi, darasa la sita



Mara hii sitaandika juu ya nidhamu wala juu ya usafi wa fasi ya kulala, hata kama kuna mengi ya kusema upande ule. Ninataka kuwapasha habari za mtu mmoja wa Afrika ya Kusini aliyemfahamu Mungu kwa njia ya wimbo. Hakujua kusoma. Biblia katika lugha yake haikuwa bado. Hata ubatizo hakupata, mpaka kufa kwake. Jina lake ni Ntsikana. Kwa Waxhosa ni jina kubwa sana. Kwetu huku Kongo wachache tu wamelisikia, na mimi naona ni hasara.

Alizaliwa karibu na mwaka 1780, katika inchi inayoitwa leo Cape ya Mashariki. Baba yake, Gaba, alikuwa mshauri wa chifu Ngqika. Basi kijana alikomaa katikati ya ng'ombe, mashauri ya wazee, na ngoma. Ngoma zaidi. Watu walimsifu kwa kuimba, kwa kucheza na kwa kusema mbele ya watu. Ninaomba mulishike neno hili, kwa maana bila hilo hatutafahamu mengine.

Katika mwaka 1799 misionere mmoja Mholanzi, Johannes van der Kemp, alifika kwa Ngqika akakaa muda mfupi akihubiri. Ntsikana, kijana bado, alimsikia. Hakuna kitu kilichoonekana. Misionere akaenda zake, kijana akarudia ng'ombe wake na ngoma zake, akaoa, akawa na watoto. Miaka kama kumi na tano ikapita hivi. Kumbe mbegu ilikuwa chini ya udongo.

Ile siku yenyewe, karibu na mwaka 1815, Waxhosa wanaisimulia mpaka leo. Asubui mapema Ntsikana alikuwa akisimama kwenye mlango wa zizi, anatazama ng'ombe wake aliyempenda kupita wote, jina lake Hulushe. (Kwa Waxhosa wa zamani ng'ombe wa namna ile hakuwa nyama ya kula, alikuwa sifa ya bwana wake, na watu walimtungia nyimbo.) Jua likaanza kutoka. Akaona mwangaza mkali, kupita mwangaza wa jua, unapiga ubavu wa yule ng'ombe. Akamwuliza kijana aliyekuwa karibu kama naye ameona. Yule hakuona kitu.

Siku ileile kulikuwa na ngoma kubwa kwa jirani. Ntsikana akaenda pamoja na watu wa nyumba yake, mwili umepakwa udongo mwekundu kama ilivyokuwa desturi. Wote wanamngojea, maana ngoma bila yeye haikuwa tamu. Alipoinuka kucheza, upepo wa nguvu ukavuma, wachezaji wakasimama. Akakaa, upepo ukatulia. Akainuka tena, upepo tena. Basi akawaambia watu wake waondoke, ngoma haijaisha, na hakuna aliyefahamu sababu. Njiani wakafika kwenye mto mdogo. Akaingia majini, akanawa ule udongo wote.

Sasa angalieni jambo lililofuata. Watu wengi, hata hapa shuleni, wanafikiri ya kuwa kumrudia Mungu ni kunyamaza: mutu anaacha ngoma, anainamisha kichwa, uso unakuwa kama wa siku ya matanga, na furaha inabaki kwa watu wa dunia. Ntsikana alianza kuimba. Nyumbani mwake watu walimsikia akiimba polepole, peke yake, wimbo ambao hakuna mtu aliyeujua. Wakasema labda ana ugonjwa wa kichwa. Yeye akawaeleza kwamba kitu kimemwingia, na kile kitu kinataka watu waombe. Mungu hakumnyang'anya sauti; aliigeuza upande tu.

Kengele hakuwa nayo. Kwa hiyo akajifanya mwenyewe kuwa kengele. Alitunga wimbo wa kuita, na kila asubui, na tena kabla ya jua kushuka, alisimama mlangoni mwa nyumba yake akauimba kwa nguvu, mpaka watu wakatoka mu manyumba yao wakaja kukaa karibu naye. Mara mbili kwa siku! Sisi tuna kengele ya chuma, na kuna wengine wanaofika kwa ibada wakati wimbo wa pili umekwisha.

Pale walipokusanyika waliimba zile nyimbo zingine alizotunga, na moja inaitwa Wimbo Mkubwa. Mule ndani Mungu ni muumba wa mbingu na nyota, lakini vilevile ni ngao, ni blanketi la kujifunika, ni kiongozi anayetangulia. Na mikono yake ina vidonda. Blanketi na ngao ni vitu vya Waxhosa, vya kila siku. Wataalamu wa muziki wanasema hata sauti yake inafanana na nyimbo za arusi za kwao. Hawa watu hawakuwa na kitabu cha kusoma. Kumjua Mungu kwao kulikuwa ni kumsifu: kila jina walilomwimbia lilikuwa somo, na mwenye kuimba jina lile asubui na mangaribi alianza kumzoea mwenye jina. Ndiyo sababu ninasema wimbo kwao haukuwa kitu cha kupamba ibada wakati tunangojea mahubiri. Ilikuwa njia yenyewe.

Katika 1816 misionere Joseph Williams akajenga karibu na mto Kat. Ntsikana na watu wake walikuwa wakienda kumsikiliza. Williams akafa 1818, kisha miaka ikapita bila misionere kule. Je, makutano yakavunjika? Hapana. Kengele ya sauti iliendelea.

Lakini wakati ulikuwa mbaya. Wazungu walikuwa wamewafukuza Waxhosa wengi toka inchi yao katika vita vya 1811 na 1812, tena machifu wenyewe waligombana, Ngqika na baba yake mdogo Ndlambe. Kwa Ndlambe kulikuwa nabii mwingine, Nxele. Yeye alifundisha ya kuwa Mungu wa Weusi na Mungu wa Wazungu si mmoja, na wa Weusi atawapa ushindi. Tusimcheke Nxele, uchungu wake ulikuwa na sababu. Ntsikana alishikilia ya kuwa Mungu ni mmoja, na katika wimbo wake huyo Mungu anapatanisha makundi yanayopigana. Alimwonya Ngqika asiende vitani. Ngqika hakusikia, akashindwa vibaya huko Amalinde katika 1818. Mwaka uliofuata Nxele aliongoza maelfu kushambulia Grahamstown, wengi sana wakafa mbele ya bunduki.

Ntsikana alikufa kwa ugonjwa katika 1821. Mbele ya kufa aliomba azikwe katika udongo. Wakati ule desturi ile ilikuwa ya machifu, watu wake wakaogopa kuchimba. Akashika chombo yeye mwenyewe, akaanzisha kaburi. Akawaagiza pia wakae wameshikamana kama mabaki ya ngozi yaliyofinyangwa kuwa donge moja, na waende kwa misionere John Brownlee aliyefika Tyhume mwaka 1820.

Wakaenda. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mzee Soga, na mwana wa Soga, Tiyo, akawekewa mikono kuwa mchungaji huko Scotland katika 1856, Mweusi wa kwanza wa Afrika ya Kusini katika kazi ile. Wimbo Mkubwa wamisionere waliuandika katika miaka ya 1820. Sauti zake zilibaki katika vinywa vya wazee mpaka John Knox Bokwe, mwanamuziki wa Lovedale, akaziandika kwa do, re, mi, namna ileile tunayotumia katika korali yetu. Katika 1914 alitoa kitabu kizima juu ya Ntsikana. Nyimbo ni ine mule, na ule wa kengele ni mmoja wao.