Heinrich Hertz, Mpimaji wa Mawimbi Yasiyoonekana

Heinrich Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari 1857 katika Hamburg, mji mkubwa wa bandari kaskazini ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye heshima, wala nyumba yao haikuwa na dhiki. Mtoto alikuwa mwepesi wa lugha, hata akajifunza na Kiarabu. Lakini mikono yake nayo ilitaka kazi. Alikuwa na meza yake ya useremala, akafundishwa kutumia kerezo, akajitengenezea vyombo vidogo vya kupimia. Husimuliwa kwamba miaka mingi baadaye, fundi aliyemfundisha kukereza alipopata habari kuwa mwanafunzi wake amekuwa profesa, alisikitika sana, maana aliona kwamba dunia imepoteza mkereza hodari.

Kwanza alikusudia kuwa injinia. Alipofika Munich mwaka 1877, moyo wake ukageuka. Akamwandikia baba yake kumwomba ruhusa asome elimu ya nguvu za maumbile, na baba akakubali. Mwaka uliofuata akaenda Berlin kwa Hermann von Helmholtz, mwalimu aliyesifiwa kuliko wengi wa wakati ule, na mwaka 1880 akapata cheo cha udaktari.

Siku zile palikuwa na shauri kubwa kati ya wataalamu. Mskoti mmoja, James Clerk Maxwell, alikuwa ameonyesha kwa hesabu, katika maandiko yake ya mwaka 1865, kwamba nguvu za umeme na sumaku huweza kusafiri kama mawimbi, na mwendo wake ni sawa na mwendo wa nuru, yaani kilometa 300,000 hivi kwa sekunde moja. Tena alisema kwamba nuru yenyewe ni mawimbi ya namna hiyo. Wengine walisadiki, wengine walikataa. Maxwell akafa mwaka 1879, na hapana mtu aliyekuwa amewahi kuyafanya mawimbi hayo na kuyapima. Helmholtz alimtaka Hertz aishughulikie sehemu moja ya jambo hilo. Hertz akapiga hesabu, akaona kwamba vyombo vilivyokuwapo haviwezi kuonyesha kitu kidogo namna ile, akaiacha kazi. Hakuisahau.

Mwaka 1885 akawa profesa katika Karlsruhe, na mwaka 1886 akamwoa Elisabeth Doll. Katika vuli ya mwaka huo alikuwa akijaribu koili mbili za waya. Alipopitisha umeme katika ya kwanza, cheche ndogo ikaruka katika ya pili, ingawa hazikuunganishwa. Mwingine angaliona ni kitu cha kuchezea tu. Hertz alitambua kwamba amepata chombo alichokikosa zamani.

Akaanza kutengeneza. Chombo cha kupelekea mawimbi kilikuwa mabamba mawili ya madini yaliyounganishwa kwa waya, na katikati ya waya palikuwa na nafasi ndogo ambapo cheche iliruka. Chombo cha kupokelea kilikuwa rahisi zaidi: pete ya waya, upana wake sentimeta 70, nayo ilikuwa na ufa mwembamba. Ufa ule aliweza kuupanua au kuubana kwa skrubu. Pete ilipopata nguvu nyingi, cheche iliweza kuruka hata katika ufa mpana. Nguvu ilipopungua, ilimpasa kuubana zaidi. Kwa hiyo upana wa ufa ndio uliokuwa kipimo chake. Cheche zenyewe zilikuwa fupi kuliko unene wa unywele, na ilimlazimu kukaa gizani muda mrefu mpaka macho yake yazizoee.

Sasa, wimbi lisiloonekana litapimwaje urefu? Mtu aliyekulia ukingoni mwa Ziwa Nyasa, huko Liuli au Mbamba Bay, anaweza kuelewa upesi. Mawimbi yakipiga jabali lililosimama wima, hurudi nyuma na kukutana na yale yanayokuja. Hapo utaona mahali fulani maji yapanda na kushuka kwa nguvu, na karibu yake mahali pengine maji hayainuki sana. Kutoka mahali pamoja pa utulivu mpaka pa pili ni nusu ya urefu wa wimbi.

Hertz alifanya vivyo hivyo ndani ya chumba cha kufundishia, chenye urefu wa meta 15 hivi. Jabali lake lilikuwa bati la zinki, meta 4 kwa meta 2, lililotundikwa ukutani. Akatembea na pete yake kuelekea ukuta, hatua kwa hatua, akiangalia cheche. Mahali fulani zilikoza, mahali fulani zilififia hata zikatoweka, kisha zikarudi tena. Wimbi lake lilikuwa na urefu wa meta 9 na zaidi. Ilikuwa mwaka 1888, na maneno ya Maxwell hayakuwa hesabu tupu tena.

Hata hivyo palikuwa na jambo lililomsumbua. Ili kujua mwendo wa wimbi, haitoshi kujua urefu wake. Yakupasa kujua pia hutetema mara ngapi kwa sekunde. Idadi hiyo ilikuwa mamilioni, haihesabiki kwa saa yo yote ya siku zile, basi aliitafuta kwa hesabu kutokana na ukubwa wa mabamba na waya. Alipopima mawimbi yaendayo juu ya waya, akapata mwendo mdogo kuliko ule wa hewani, na Maxwell alisema lazima iwe sawa. Hertz hakuificha tofauti ile. Aliiandika kama alivyoipata. Baadaye Henri Poincaré, Mfaransa, akaonyesha kosa katika hesabu yake ya mitetemo, na mwaka 1893 wataalamu wawili wa Geneva, Sarasin na de la Rive, wakapima tena katika ukumbi mkubwa zaidi, wakaona kwamba mwendo ni mmoja. Chumba cha Karlsruhe kilikuwa kidogo mno kwa mawimbi marefu vile. Kuta zake ziliyarudisha na kuuharibu upimaji. Hertz mwenyewe alikiri kosa lake waziwazi katika kitabu chake.

Njia nyingine ya kuishinda shida ya chumba kidogo ni kufupisha wimbi. Mwisho wa mwaka 1888 alitengeneza chombo kidogo, akapata mawimbi ya sentimeta 66 tu, yatetemayo karibu mara milioni 450 kwa sekunde. Akakunja mabati ya zinki yakawa kama vioo vya taa, kimoja cha kupelekea na kimoja cha kupokelea. Mawimbi yakapita katika mlango wa mbao uliofungwa. Mtu akikatiza mbele yake, cheche zikazimika. Akamimina lami ngumu ikawa mche wa pembe tatu, uzito wake zaidi ya kilo 500, na mawimbi yakapinda ndani yake kama nuru ipindavyo katika kioo.

Mwaka 1889 akahamia Bonn. Injinia mmoja alimwuliza kama mawimbi hayo yangeweza kuchukua sauti za simu. Hertz akajibu kwamba mitetemo ya simu ni ya polepole mno, hata vioo vyake vingetakiwa kuwa na ukubwa wa bara zima. Yeye alitafuta kujua tu. Kisha akapatwa na ugonjwa wa uso na meno, akapasuliwa mara kwa mara, akafa tarehe 1 Januari 1894, umri wake miaka 36. Aliacha mjane na binti wawili wadogo.

Mwaka uliofuata Guglielmo Marconi, kijana wa Italia, alianza kuyatumia mawimbi yale kupeleka habari. Vita vilipoanza mwezi Agosti 1914, Wajerumani walikuwa na mitambo ya simu ya upepo katika Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba, lakini pwani ya Ruvuma haikuwa nayo. Huko Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Tarehe 13 Agosti ikaja Gwendolen, meli ya Waingereza, ikaipiga kwa mzinga. Kapteni Berndt alikasirika sana, kwa maana alimjua vema Kapteni Rhoades wa meli ile, wala hakuwa amepata habari kwamba nchi zao zina vita.