Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeifuata saratani kwa gari

Msafiri anayevuka mpaka Malaba akielekea Kampala hupitia Jinja. Ni katika hospitali ya mji huo ambako Denis Burkitt, daktari mpasuaji, alimwona msichana mdogo aliyevimba uso, mwaka wa 1957. Majuma machache kabla, katika hospitali ya Mulago, Dkt Hugh Trowell alikuwa amemwonyesha mvulana mwenye uvimbe katika taya zote mbili, kushoto na kulia. Burkitt alipompima yule msichana, alikuta uvimbe tumboni pia.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka wa 1911. Alipoteza jicho la kulia angali mtoto, na alipoomba kazi ya udaktari Afrika Magharibi, wakoloni walimkataa kwa kasoro hiyo. Vita Vikuu vya Pili vilimleta Kenya akiwa daktari wa jeshi, na mwaka wa 1946 alipelekwa Lira, Uganda, kisha Kampala.

Ugonjwa aliokutana nao haukuwa na huruma. Uvimbe huo waweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili tu. Meno hulegea, na ni rahisi mzazi kudhani ni maradhi ya meno. Kisu hakikufua dafu. Burkitt alichapisha habari zake mwaka wa 1958, na mwaka wa 1961, pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Clifford Nelson, akasafiri takriban kilomita 16,000 kwa gari kuukuu hadi Afrika Kusini, akiuliza hospitali baada ya hospitali.

Safari hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa hupatikana palipo na joto na mvua, na karibu na Ikweta hutoweka juu ya kimo cha mita 1,500 hivi. Ndio ukanda wa malaria. Nchi ya Moding, Malaba na Busia imo humo. Mwaka wa 1964 Anthony Epstein na wenzake walitangaza kugundua virusi katika chembe za uvimbe zilizotoka Uganda kwa ndege.

Jambo kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni tiba. Burkitt hakuwa na mashine za miale, hivyo alijaribu dawa, mojawapo ikiwa methotrexate, iliyokuwa ikitumiwa kwa lukemia, yaani saratani ya damu. Baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi chache. Wakati huo wengi waliiona saratani kuwa hukumu ya kifo.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966, akajulikana upya Ulaya kwa kuhimiza vyakula vyenye nyuzinyuzi, na akafariki mwaka wa 1993. Kituo cha kutibu limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka wa 1967 ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Humo watu wazima wenye lukemia kali pia hutolewa uboho kwenye mfupa wa nyonga ili upimwe, kabla ya kuanzishiwa dawa.