Mbaruk, Fundi wa Udi

Huku Othaya ninakoishi, penye chai na baridi, ukimtaja Mbaruk Talsam hapana amjuaye, nami siwalaumu. Ajabu ni sisi watu wa pwani. Marehemu huyu, Mungu amrehemu, kwao Mombasa, alikuwa kipofu, na udi aliujua barabara. Unguja alikuwa katika kundi la Siti binti Saad, pamoja na Subeit bin Ambar na Maalim Shaban. Mwaka 1928 kundi hilo lilivuka bahari hadi Bombay kutia nyimbo katika santuri. Siti alifariki 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Ni haki yake. Mbaruk je? Santuri hizo zisikilizeni tena, safari hii mkifuata nyuzi.